Dhahabu Baada ya Mazishi

Masomo: 2 Samweli 12:1–7, Mathayo 5:21–26

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani nikasema maneno machache kabla ya kwenda Mezani, na Mchungaji akaniomba niyaandike kwa urefu kidogo, ili na wale waliokuwa mashambani, maana ni msimu wa vitunguu, wayapate. Mimi si mhubiri. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yangu yote, na mwalimu akistaafu ulimi haustaafu. Basi nivumilieni.

Jumamosi moja alasiri nilikwenda kutazama mchezo wa kuigiza katika shule moja ya sekondari ya huku kwetu bondeni. Mjukuu wangu alikuwa miongoni mwa waigizaji, naye alikuwa amenisumbua majuma mawili: "Babu, utakuja? Babu, usisahau." Nikaenda nikiwa na kiti changu cha kukunja. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka Msosa na Mahenge. Hapakuwa na jukwaa. Palikuwa na kivuli cha mbuyu, meza mbili, na pazia la khanga.

Mchezo wenyewe ulikuwa Romeo na Juliet, ulioandikwa na Mwingereza William Shakespeare zaidi ya miaka 400 iliyopita na kuchapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1597. Sisi wa zamani jina la Shakespeare si geni kwetu. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulisoma Mabepari wa Venisi, kama alivyoitafsiri Mwalimu Nyerere, naye alitafsiri pia Juliasi Kaizari. Lakini huu wa Romeo sikuwa nimewahi kuuona ukichezwa, na sikutazamia kuuona hivi.

Vijana wale waliutoa Italia wakauleta kwetu. Katika kitabu, jamaa mbili kubwa za mji wa Verona zina uadui, na kijana wa upande huu anampenda binti wa upande ule. Kwa vijana wetu, jamaa moja walikuwa wakulima wa vitunguu na jamaa ya pili wafugaji. Mtawala wa mji akawa Mtendaji wa Kata aliyevaa koti kubwa kuliko mwili wake. Mapanga yakashika nafasi ya panga za chuma za Wazungu, na pikipiki nafasi ya farasi. Watu walicheka sana mwanzoni. Si ajabu kuugeuza mchezo huu hivyo. Wamarekani walifanya jambo la namna hiyo mwaka 1957 huko New York, wakaufanya kuwa habari ya magenge mawili ya vijana wa mitaani, na wakauita West Side Story.

Lakini kicheko kilikwisha ng'ombe walipoingia shambani na mapanga yakatolewa. Watu wazima waliokuwa wamekaa karibu nami walinyamaza kabisa. Hatujasahau kwamba Desemba mwaka 2000, katika mkoa jirani wa Morogoro, katika kijiji kinachokaribiana na chetu kwa jina, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Vijana wale walikuwa hawajazaliwa, lakini walijua wanacheza nini.

Baada ya mchezo mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama inafaa Mkristo kukaa saa mbili akitazama mambo ya mapenzi ya vijana. Nikamkumbusha habari ya nabii Nathani. Mfalme Daudi alikuwa ametenda dhambi kubwa, na kama Nathani angalikuja na kumshtaki waziwazi, yamkini Daudi angalijitetea. Nathani akaja na hadithi. Akasimulia habari za tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akakasirika, akamhukumu yule tajiri kwa kinywa chake mwenyewe, na ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Hadithi huingia kwa mlango wa nyuma, wakati mlango wa mbele umekomewa. Nami nawaambieni, ndugu zangu, pale chini ya mbuyu mlango wangu wa nyuma ulikuwa wazi.

Nitasema mambo matatu niliyoyaona.

Jambo la kwanza: ugomvi usio na chanzo.

Mchezo unaanza na watumishi. Si mabwana wenyewe wanaoanza kupigana, ni watumwa wa nyumba zao, watu wasio na haki yoyote ya kugombea, ila tu wanakula chakula cha nyumba hii au ile. Hivyo ndivyo ugomvi wa wakubwa ulivyo. Unashuka kwa watoto, kwa vibarua, kwa watu wa kuchunga, hata mbwa wa nyumba hizo hubwekeana. Tena, tangu mwanzo hadi mwisho wa mchezo ule, Shakespeare hasemi hata mara moja jamaa hizo zilikosana kwa sababu gani. Anasema tu ni uadui wa zamani. Watu wanakufa, na hakuna anayeuliza.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani jioni ile, mjukuu wangu, aliyekuwa amecheza sehemu ya yaya wa Juliet, aliniuliza:

"Babu, wale walikuwa wanagombania nini hasa?"

Nikamjibu, "Mwandishi hakusema, mjukuu wangu."

Akatembea kidogo. Halafu akasema, "Na sisi na akina babu mdogo, tunagombania nini?"

Wengi wenu mnajua kwamba mimi na mdogo wangu hatukuwa tunasemezana. Wengine hamjui, maana sisi Wakristo tu hodari wa kuficha. Kwa miaka tisa mimi nilikaa viti vya kulia na yeye viti vya kushoto. Mchungaji aliposema tupeane amani, niliwashika mikono watu wa mbele na wa nyuma, nikajitia kushughulika na mzee mmoja asiyesikia vizuri, mpaka wimbo uanze. Kisha sote wawili tukaenda Mezani.

Mjukuu wa mdogo wangu naye alikuwamo katika mchezo ule, akicheza yule mtawa. Watoto hawa wawili hawakuruhusiwa kutembeleana nyumbani, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwa nini. Nami nilipotaka kumjibu mtoto, niliona haya, kwa sababu chanzo kilikuwa maji. Mwaka mmoja wa ukame, mfereji ukiwa na maji haba, zamu ya usiku ilikuwa ya mdogo wangu. Nikatoka saa nane za usiku nikafunga mlango wake wa maji na kufungua wangu. Vitunguu vyake vikanyauka vikiwa vidogo. Aliponiuliza mbele ya watu, nikakana, nikamwita mwongo. Hayo ndiyo yote. Nimeyaeleza maisha yangu yote kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

Jambo la pili: mema yanayofanywa gizani.

Katika mchezo yuko mtawa mmoja, Laurence, mtu mwema. Anaona kwamba ndoa ya vijana hawa inaweza kuleta amani kati ya nyumba mbili. Nia yake ni nzuri. Lakini anawafungisha ndoa kwa siri, siku ya pili tu baada ya kuonana kwao. Hadithi aliyoichukua Shakespeare, iliyotungwa kwa mashairi na Arthur Brooke mwaka 1562, huenda kwa miezi. Shakespeare aliikunja yote ikawa siku nne au tano. Wanaonana Jumapili usiku, wanaoana Jumatatu, na Alhamisi alfajiri wote wawili ni maiti.

Wapendwa, kanisa letu halikuweka desturi ya kutangaza ndoa Jumapili tatu ili kupamba ibada. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikudai taarifa ya siku 21 ili kuwachosha watu. Jumapili tatu ni nafasi ya mtu mwenye neno kulisema, na ya wazazi kulia na kuzoea. Upendo wa kweli hauharibiki kwa kungojea Jumapili tatu. Mtawa yule angaliweza kuwaendea wazee wale wawili. Aliona ni vigumu, akachagua njia fupi, kisha siri ya kwanza ikadai siri ya pili: dawa ya usingizi wa saa 42, mazishi ya uongo, na barua ya kumwambia Romeo kwamba mkewe hakufa bali amelala.

Lakini tusimlaumu mtawa peke yake. Juliet alikuwa hajatimiza miaka 14. Baba yake, pasipo kujua kwamba ameolewa, akamwamuru aolewe na mtu mwingine kabla ya juma kwisha, na alipokataa akamtishia kumtupa nje. Mama naye akampa mgongo. Mahali gani tena mtoto angekwenda? Huku kwetu sheria ile ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mahakama imesema neno lake. Lakini mahakama haikai jikoni kwako. Binti yako akikuambia "Baba, sitaki," ni wewe utakayeamua kama nyumba yako ina mlango wa kuingilia tu, au pia ina mahali pa kusemea.

Jambo la tatu: barua iliyochelewa.

Kwa vijana wetu, habari ilitumwa kwa simu, na simu ya Romeo ikawa imezimika kwa kukosa chaji. Ndipo wakamtuma mtu wa pikipiki, naye akakwama mlima Kitonga, kwa kuwa lori lilikuwa limeanguka na kuziba njia. Watu wote waliguna. Nani kati yetu hajapata kukwama Kitonga? Katika mchezo wenyewe aliyezuia barua ni tauni. Mtawa aliyeibeba alishukiwa kwamba ametoka katika nyumba yenye maradhi, akafungiwa ndani na walinzi wa mji. Shakespeare aliyajua hayo, kwa maana nyumba za michezo za London zilifungwa kwa sababu ya tauni kati ya 1592 na 1594. Nasi mwaka 2020 tuliona shule zetu zikifungwa kwa sababu ya korona, tunajua jinsi maradhi yanavyoweza kumfungia mtu upande mmoja na ndugu yake upande wa pili.

Basi Romeo hakupata habari ya kweli, alipata habari ya msiba. Akanunua sumu, akafika kaburini, akanywa. Juliet akaamka muda mfupi baadaye, akamkuta amekufa, naye akajichoma kisu. Hapo ndipo wazee wanakuja. Wale ambao hawakuweza kupita njia moja wanasimama juu ya watoto wao na kupeana mikono. Na mmoja anaahidi kumtengenezea mtoto wa mwenziwe sanamu ya dhahabu, naye mwenziwe anaahidi hivyo hivyo.

Ndugu zangu, kijana aliyecheza baba mmojawapo hakuwa na sanamu. Alitoa noti mfukoni akaanza kuzihesabu juu ya maiti. Watu wengine walicheka. Mimi nilishindwa.

Miaka minne iliyopita shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, aliaga dunia. Mama yule alijaribu kutupatanisha. Mara mbili alimtuma mtoto kwangu na maneno yale yale: "Shemeji aje anywe uji." Mara ya kwanza nikasema nina kazi. Mara ya pili sikujibu. Alipokufa, mimi ndiye niliyetoa fedha za jeneza, jeneza zuri lenye vishikio vya kung'aa, na gunia la mchele. Watu walinisifu. Wakasema, "Mwalimu ana moyo." Nilikaa mbali na mdogo wangu siku ile nzima, na wala sikumpa pole kwa kinywa changu.

Hiyo ndiyo dhahabu yangu. Hebu tutazame misiba yetu, ndugu. Mtu anaugua miezi sita, hakuna anayemletea hata ndizi. Akifa, magari yanakuja, michango inasomwa, wasifu unasomwa, na waliokuwa hawamsalimu ndio wanaolia kwa sauti kubwa. Marehemu hali mchele ule. Bwana wetu ameuweka upatanisho mahali pake. Katika Mathayo sura ya 5 anatufundisha kwamba ukiwa tayari umeleta sadaka, na hapo ukakumbuka kwamba nduguyo ana neno nawe, iache sadaka pale pale, nenda kwanza ukapatane. Tazameni vizuri: hasemi kama wewe una neno naye, bali kama yeye ana neno nawe. Mimi kila Jumapili nilikuwa nikiyatazama makosa ya mdogo wangu, na kumbe Bwana alikuwa akiniuliza habari za mlango wa maji. Kisha anasema tupatane upesi, tukiwa bado njiani. Njia ina mwisho.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda. Si mwendo mrefu, ni mashamba matatu tu, lakini magoti yangu yalikuwa mazito. Nilibisha hodi. Mdogo wangu alikuwa ameketi uwanjani akifunga magunia.

"Karibu, Mwalimu," akasema. Zamani alikuwa akiniita kaka.

Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikiketi nitaanza kuzungumza habari za mvua: "Yale maji niliyafungua mimi. Nikakuita mwongo. Nimekuja kuomba msamaha."

Alinyamaza muda mrefu. Akaendelea na kamba ya gunia mpaka ikaisha. Ndipo akasema, "Mama yao alikungoja."

Sikuwa na jibu, wala sina jibu leo. Yakobo alipomrudia Esau aliinama mara saba, na Esau akamkimbilia akamkumbatia. Mdogo wangu hakunikimbilia, na mimi sikustahili kukimbiliwa. Lakini baadaye kidogo alimwita mjukuu wake, yule mtawa wa mchezo, akamtuma kikombe. Akakichukua mwenyewe mkononi mwa mtoto, akanipa.

"Kunywa maji, kaka."

Jumapili ile tulipeana amani, watu wakituona. Hatujamaliza. Miaka tisa haifutiki kwa kikombe kimoja, na yule mama hatarudi kunipikia uji. Nililokuja kuwaambia ni kwamba nilichelewa, na nisingependa ninyi mchelewe.

Kwenu vijana nina neno moja. Mchezo ule ni mzuri, nanyi mliucheza vizuri. Lakini msidhani kifo cha Romeo na Juliet ndiyo sehemu nzuri ya upendo wao. Kilikuwa ni hasara tupu. Kama Romeo angalingoja muda kidogo tu pale kaburini, angalimwona mkewe akifumbua macho. Moyo unaposema hakuna njia, mara nyingi barua ingali njiani. Mwenye kuelemewa namna hiyo asikae peke yake. Aende kwa Mchungaji, kwa mwalimu, kwa shangazi, kwa rafiki, aseme. Nasi wazee tujifunze kusikiliza kabla ya kukemea, ili watoto wasilazimike kupita kwa njia ya siri.

Na sisi wazee, kabla ya Jumapili ijayo, kila mtu ajiulize ni nani kanisani humu ambaye hukwepa kumshika mkono. Asitume fedha, wala asitume mtoto. Aende mwenyewe, angali ana miguu, na mwenziwe angali ana masikio.

Tuombe: Ee Mungu Baba yetu, uliyetupatanisha nawe kwa damu ya Mwanao tulipokuwa tungali adui zako, utuondolee kiburi, utupe miguu ya kwenda na kinywa cha kusema kweli. Uwalinde watoto wetu wasirithi ugomvi wetu. Utupatanishe tukiwa bado njiani, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.